Mbili, Kisha Moja

Rotterdam, 15 Juni 2024

Mdogo wangu Salvina,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi inayojiita kiangazi. Natumaini hujambo, cherehani inazunguka na lile goti limepunguza kelele. Mama anaendeleaje? Mfikishie shikamoo yangu, umsogelee sikio la kulia. Mimi mzima, ila daktari amenikataza chumvi, kwa hiyo siku hizi chakula nakila kwa kukumbuka tu.

Nina habari. Albamu imekwisha. Najua uliniambia mtu wa miaka sitini na nne anatakiwa kumaliza rozari, siyo albamu, lakini ndiyo hivyo: nyimbo kumi, magitaa ya kweli, na kampuni ya hapa itaitoa katika nchi zaidi ya thelathini kwa siku moja, tarehe 4 Oktoba. Hata Japani. Mara ya mwisho muziki wangu kuvuka mpaka ulipitia Tarakea ndani ya gunia la maharage.

Prodyuza wangu anaitwa Joost. Alipekua sanduku langu la kanda za zamani akaipata ile tuliyorekodi sebuleni nyumbani mwaka 1987, magodoro yakiwa yameegeshwa madirishani. Ameisafisha kwa kompyuta. Sasa sauti yangu ya miaka ishirini na saba inaimba pamoja na hii ya sasa, na sitakuambia ipi inamwonea mwenzake huruma. Joost anasema huo ndio wimbo utakaoibeba albamu.

Aliniuliza pia, kwetu mtu akitaka kuingia nyumba ya mtu anafanyaje. Nikamwambia anapiga hodi. Akalipenda neno. Albamu inaitwa *Hodi*.

Nipe habari za huko. Migomba imekaaje?

Kaka yako,
Wensi


Uru, 30 Juni 2024

Kaka Wensi, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Goti bado linasema, ila nimeacha kulijibu. Mama ana miaka themanini na saba na meno manne, na vyote anavitumia. Anakusalimu. Nimemwambia albamu yako itatoka nchi thelathini, akauliza kama Uru ni mojawapo.

Naandika kwenye karatasi halafu napiga picha, kwa kuwa nikiandika kwenye simu inanimalizia maneno kama mume. Kidole gumba kinachoonekana pembeni ni changu.

Anayempikia Mama ni Evelyn, mjane wa marehemu kaka yetu Ronald, kama kawaida. Mimi nalala hatua ishirini kutoka mlangoni kwa Mama, na tangu mwaka 1987 hajala chakula cha mkono wangu. Wewe unajua. Napika, naandaa, anasema ahsante mwanangu, nimeshiba. Miaka thelathini na saba mtu ameshiba. Evelyn akiingia na bakuli, njaa inarudi.

Ebenezeri, yule Mlutheri mwenye kilabu cha mbege pale njia panda, amenunua spika kubwa kama kabati. Anasema wimbo ukitoka ataupiga mpaka ndizi zianguke zenyewe. Ututumie basi tuusikie.

Kitu kimoja. Unasema mlirekodi sebuleni mwaka 1987. Ninavyokumbuka mlirekodi siku moja tu, Jumatano ile baada ya Pasaka. Au kulikuwa na nyingine?

Dada yako,
Salvina


Rotterdam, 21 Julai 2024

Mdogo wangu Salvina,

Hujambo na nyumba nzima? Nimefurahi kusikia Mama bado anatafuna. Mimi naendelea vizuri, nasafiri kidogo, nahojiwa na vijana wanaouliza nilikuwa nani.

Wimbo huu hapa, nimeuambatisha. Kampuni imeutanguliza kabla ya albamu ili watu waonje. Mwanzoni utasikia mlio kama mtu anagonga ubao. Ulikuwemo kwenye kanda, chini ya kelele, Joost akauchimbua. Ameukata akaufanya ujirudie wimbo mzima mahali pa ngoma. Anasema hakuna mashine inayoweza kutoa mlio kama ule. Mimi nadhani ni tawi, au mvua kwenye bati. Kanda za zamani zinaokota kila kitu.

Kuhusu siku, sikumbuki vizuri. Ni zamani.

Kaka yako,
Wensi


Uru, 3 Agosti 2024

Kaka Wensi, shikamoo.

Natumaini u mzima. Huku wote wazima, isipokuwa mimi.

Niliusikiliza nikiwa kwenye cherehani, nashona kanzu ya padre. Nilijichoma sindano, na kanzu ina doa ambalo padre nimemwambia ni kutu. Mbili, kituo, kisha moja. Mbili, kituo, kisha moja. Wimbo mzima.

Hilo si tawi. Watu wa kwetu hatugongi milango, tunapiga hodi, na shangazi yetu hodi yake ilikuwa inafika kabla yeye hajavuka mto. Nyumbani kwetu aligonga mtu mmoja tu. Ndugu yetu Rogath homa ilimwachia masikio ikachukua sauti, akiwa na miaka mitatu. Hodi asingeweza kuisema. Akawa anagonga mbili, kisha moja, tujue ni yeye, na Mama alikuwa anajibu "Karibu, baba" kabla hajainuka. Kwa vidole hivyohivyo wewe ukamfanya mpiga ngoma wa bendi yako.

Sasa nisikilize, maana tangu uondoke sijakusumbua kwa hili. Pasaka ile ulimtoa kwenye bendi kwa sababu umeletewa mashine ya kupiga ngoma kutoka Nairobi. Akahamia kwa shangazi, ng'ambo ya mto Rau. Jumatano Mama akishuka sokoni alinituma nikamlete, mpatane. Nikamleta. Mvua ilikuwa kubwa, nikamshika mkono kwenye lile gogo la kuvukia, kwa kuwa bubu akiteleza hapigi kelele. Nikamfikisha mpaka mlangoni kwetu. Muziki ulikuwa unalia ndani. Nikamwacha pale kizingitini, nikakimbilia mazoezi ya kwaya.

Siku tatu baadaye wakulima wa mpunga walimkuta amekufa, chini huko Mabogini, kwenye mfereji. Alikuwa anarudi kwa shangazi peke yake.

Mama alikuuliza mbele ya watu, "Mdogo wako alifika hapa?" Ukasema hakuna aliyefika. Nikasema nilimfikisha. Wakaniangalia wote jinsi watu wanavyomwangalia msichana wa miaka kumi na tisa aliyemtelekeza ndugu yake mtoni ili akaimbe sauti ya pili. Mpaka leo nikipita sokoni kuna wazee wananiangalia hivyo.

Ulimsikia, Wensi? Sikuulizi habari za kanda. Nakuuliza wewe.

Dada yako,
Salvina


Uru, 8 Septemba 2024

Kaka Wensi, shikamoo.

Wiki ya tano hii hujajibu. Natumaini ni mambo ya chumvi tu.

Wimbo wako umefika njia panda. Mama, kama unavyojua, kengele ya parokia haisikii, na mimi akinisikia ni kwa hiari yake. Jumamosi iliyopita saa tisa alasiri Ebenezeri akawasha kabati lake. Mama alikuwa anachambua maharage. Akauweka ungo chini, akainuka, akaenda mlangoni, ule ule wa mringaringa aliouchonga Baba, akavuta komeo, akasema, "Karibu, baba." Akasubiri. Nje ni migomba tu. Akaacha mlango wazi, akarudi kwenye maharage.

Wimbo ulipigwa mara nane siku hiyo. Alifungua mara nane.

Evelyn akamuuliza, "Mama, unamfungulia nani?"

Akasema, "Huyo aliyeko nje. Masikio mnayo ya nini?"

Nilikwenda kwa Ebenezeri nikamwomba aache. Akaniambia, "Dada Salvina, wimbo huu sasa ni wa dunia. Mimi ni nani niuzuie?" Nikamwambia wewe ni Mlutheri unayeuza mbege saa ya ibada na mchungaji wako namfahamu. Akazima. Lakini nimechelewa, Kaka. Jana bodaboda amepita nao mfukoni. Juzi ulikuwa kwenye redio kwa jirani. Kila anapogongewa, Mama anafungua.

Naweza kumwambia mimi. Lakini neno langu nimelisema miaka thelathini na saba, limechakaa, akilisikia anageukia ukutani. Lako ndilo aliloliamini. Kwa hiyo lako ndilo linalotakiwa kubadilika.

Dada yako,
Salvina


Rotterdam, 20 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Leo sina mdomo wa kukuuliza hali. Nisamehe ukimya.

Nilimsikia.

Tulikubaliana mlango haufunguliwi kanda ikizunguka. Mashine ya kurekodi ilikuwa ya kuazima, kanda ilikuwa moja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wimbo unakwenda bila kosa. Akagonga. Nilijua ni yeye, ningemjua hata usingizini. Nikajiambia wimbo uishe kwanza. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu. Niliimba huku naliangalia komeo. Tulipomaliza nikafungua, hakuna mtu. Kizingitini kulikuwa na maji ya nyayo. Nikafikiri amenuna, tutaonana kesho.

Mama aliponiuliza, mdomo ulijibu kabla yangu. Nilidhani nitaurekebisha jioni. Halafu baada ya mazishi. Halafu nikapata viza.

Usiniulize kwa nini nilimwacha Joost autumie ule mlio. Alipouchimbua aliniita kwa furaha, "Wensi, ni nini hiki?" Nikasema sijui. Nakaa ghorofa ya sita, Salvina, hapa watu wanabonyeza kengele, hakuna anayegonga. Lakini tangu siku ile nausikia mlangoni. Nikiwa naoga, nikiwa napiga mswaki. Naenda kufungua. Kumbe mimi na Mama tunafungulia mtu mmoja.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie sasa. Tarehe 4 inakaribia, na baada yake nina ziara ya miji kumi na miwili. Ziara ikiisha nitafanya lolote. Desturi naikumbuka. Nakutumia kwa posta, ile ya haraka, bahasha yenye jani la isale ndani. Mpe Mama kwa niaba yangu, umwambie Wensi anaomba msamaha, sababu atakuja kuieleza mwenyewe.

Kaka yako,
Wenseslaus


Uru, 12 Oktoba 2024

Kaka Wensi, shikamoo.

Bahasha nimeipata. Ndani kuna jani. Nimelitazama asubuhi nzima. Lina mistari ya njano pembeni, na nyuma lina kibandiko cha duka la maua. Evelyn aliuliza kama ni pambo la pazia.

Kaka, umekaa sana huko. Isale hainunuliwi. Inakatwa kwenye mpaka wa kihamba, shamba lenu la ukoo, au kaburini, inapigwa fundo, na aliyekosa anaibeba kwa mkono wake mwenyewe hadi kwa aliyemkosea. Ikija hivyo haikataliwi, hata kama kuna damu katikati. Ingekuwa inafaa kwa posta, nchi hii yote ingekuwa imeshasameheana. La kwako nimelihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo, upande wa Kwaresima. Kwa Mama sikulipeleka. Angenicheka, na mimi sitaki kicheko chake cha kwanza kiwe hicho.

Masale ya kaburi la Rogath sasa yamenizidi urefu. Hutapata shida kuyaona.

Albamu imetoka, hongera. Mtangazaji mmoja wa mjini amesema ule mlio ni "mapigo ya moyo wa mlima". Nilikuwa nakunywa chai, ikapitia puani. Mama ameling'oa komeo. Anasema linamchelewesha. Mlango unashinda wazi, kuku wanaingia wanavyotaka, na Evelyn amesema akiona yai jingine kitandani anarudi kwao Rombo.

Unaniomba nisimwambie. Sitamwambia. Lakini nami nina ombi. Sikuambii uje kwa ajili ya Rogath, yeye hana haraka. Nakuambia uje kwa ajili yangu. Nina miaka hamsini na sita na sijawahi kumlisha mama yangu. Akifa kabla hujafika, nitabaki mimi niliyemwacha mtoni, na hakutakuwa na mtu wa kunifuta hapo. Miji kumi na miwili inaweza kuwa mirefu kuliko Mama.

Dada yako,
Salvina


Moshi, Pasua, 22 Novemba 2024

Salvina, mdogo wangu,

Hii naituma kwa simu, haina urefu. Nipo Pasua, nyumba ya wageni ya mama mmoja anaitwa Hadija. Ziara nimeikatisha mji wa tisa. Nikiwa jukwaani, mlio ule ukaanza kwenye spika, na mimi nikageuka kuangalia mlango. Watu elfu moja wakanipigia makofi. Sikuweza tena.

Nimefika tangu Jumanne. Kila asubuhi navaa viatu, natembea mpaka inapoanzia barabara ya Uru, narudi. Mama Hadija anadhani nimekuja kupanda Kilimanjaro. Ananiambia, "Mzee, kwa umri wako usijilazimishe, wengine wanaishia getini." Nikamwambia ndiyo, hata mimi naona.

Leo kutwa sijatoka chumbani, hata chakula nimeletewa. Mvua imeanza saa nane, na mvua ya huku nilikuwa nimeisahau sauti yake. Kesho nitapanda. Nitagonga taratibu ili Mama asishtuke.

Kaka yako,
Wensi


Uru, 23 Novemba 2024, asubuhi

Kaka Wensi, shikamoo, na karibu nyumbani.

Ujumbe wako uliingia jana saa moja jioni. Nimeusoma mara tatu, hasa pale unaposema kutwa hukutoka chumbani.

Maana jana saa kumi alasiri, mvua ikiwa kali, mtu aligonga.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita. Redio kimya, kwa Ebenezeri kimya, na hakuna bodaboda anayepanda huku na matope yale. Nilikuwa kwa Mama nampindia blanketi. Mlango ulikuwa wazi nusu kama siku zote, umeegemea ndoo. Mbili, kisha moja, kwenye ubao. Nikajua ni wewe. Nikaudhika, nikasema moyoni, mzee huyu ana ujasiri gani wa kugonga namna hiyo.

Mama alinitangulia. Mimi na goti langu bado nainuka, yeye ameshafika. Akauvuta mlango, akasema, "Karibu, baba." Halafu akasogea pembeni, Wensi, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo. Mimi niliona mvua na migomba. Akaisukuma ile ndoo kwa mguu, akafunga mlango. Hakuwahi kuufunga tangu aling'oe komeo.

"Lete kigoda," akaniambia.

Nikaleta. Akakiweka karibu na jiko, akakigeuza kidogo kielekee moto. Kisha akaniangalia. Ameniangalia miaka mingi, lakini kama mtu anayeangalia dirisha aone kama mvua imekatika. Jana aliniangalia mimi.

"Kumbe ulimfikisha," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka hapa mlangoni."

"Mpaka hapa mlangoni."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akasema ana njaa. Nikamwambia Evelyn ameshuka mjini, mvua imemzuia. Akasema, "Mimi nimemtaja Evelyn?"

Nilipika mtori, Kaka. Nadhani chumvi nilitia mara mbili. Alikula bakuli zima. Akasema umezidi chumvi, akaniomba mwingine. Nikatoka nje kidogo nikasimama mvuani mpaka nikawa sawa. Kizingitini kulikuwa na maji ya nyayo. Nimeyapangusa leo asubuhi, na sitaki kuulizwa na padre yalikuwa ya nani.

Kwa hiyo langu nimelipata. Sikudai kitu. Ukitaka, unaweza kurudi uliko kutoka hapohapo Pasua, na sitakuandikia kwa ubaya.

Ila alipomaliza bakuli la pili alikigeukia kile kigoda akauliza, "Na ndani alikuwa nani?" Hakuniuliza mimi. Akatega sikio, lile la kulia, kwa muda mrefu. Leo alfajiri ameuliza tena. Mimi nimenyamaza, kwa sababu si langu kusema, na huyo anayeulizwa hajawahi kuwa na sauti. Mama anajua sasa nani alimleta. Anachosubiri ni kujua nani hakumfungulia.

Njoo leo. Njia ni ileile, isipokuwa lile gogo sasa ni daraja la zege. Pita kaburini kwanza, ukate isale moja, uipige fundo, uishike kwa mkono wa kulia.

Ukifika, usigonge. Anayegonga ameshafika, amekaa. Wewe simama nje ya mlango useme hodi, kwa sauti yako, mara tatu ikibidi. Akichelewa kukufungulia, ngoja.

Dada yako,
Salvina